Uliza Fundi: Maji yanayotoka ni baridi, mbona bwawa bado moto?

SWALI

Assalaam alaykum na shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ibra, Oman. Baba yangu alikulia Unguja, ndiyo maana Kiswahili hakijatoka nyumbani kwetu. Mwaka juzi tulichimba bwawa la kuogelea uani, urefu mita 8, upana mita 4, kina kinaanza mita 1 hadi mita 1.8. Tangu mwezi wa 6 halikaliki. Nimepima maji baada ya maghrib, nyuzi 36. Watoto wanaingia na kutoka, wanasema ni supu.

Mume wangu amenunua mashine ya kupoza maji, kibati chake kinasema kilowati 12. Pampu yetu ni ile inayobadilishwa kasi, nguvu farasi 1.5. Fundi aliyekuja kuifunga aliishusha kasi ya pampu na akaifunga vali nusu. Alisema maji yakipita taratibu yanakaa ndani ya mashine na kupoa barabara. Na kweli, ukitia mkono pale yanapotoka utadhani yametoka kwenye friji. Lakini wiki nzima imepita, bwawa limeshuka nyuzi 1 tu, na mashine mara kwa mara inajizima yenyewe. Tunaiwasha saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Usiku tunalifunika bwawa kwa turubai ili vumbi lisiingie. Je, kasi ya pampu niiweke wapi? Au tununue mashine ya pili?

Mama wa Wanne, Ibra

JIBU

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Mashine ya pili usinunue. Hiyo moja hujaitumia bado.

Wasomaji wengine wajue kwamba kabla ya kuandika jibu hili nilimwomba mama huyu apime vitu viwili, naye akapima siku ile ile, Mungu ambariki. Alipima joto la maji yanayoingia kwenye mashine na yanayotoka, kwa kipimajoto cha jikoni. Kisha mume wake akaziba tundu moja la kurudishia maji bwawani, akafunga mpira kwenye la pili, akaujazia ndoo ya lita 20 huku mtoto mkubwa akihesabu sekunde kwenye simu. Vali ikiwa nusu kama alivyoiacha fundi: maji yaliingia nyuzi 35, yakatoka nyuzi 30.4, na ndoo ilijaa kwa sekunde 36. Halafu wakaifungua vali yote na kuongeza kasi ya pampu kidogo: yaliingia 35, yakatoka 33, ndoo ikajaa kwa sekunde 14.

Mkono wa mtu ukiwekwa hapo utasema hali ya kwanza ni bora, kwa sababu nyuzi 30 na kitu ni baridi kuliko 33. Na hapo ndipo mafundi wengi, nami nikiwa kijana nilikuwa mmoja wao, tunapopotea. Bwawa halijali maji yanayotoka ni baridi kiasi gani. Linajali ni joto kiasi gani limeondolewa kwa saa moja, na hilo ni lita mara nyuzi. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, ikishuka nyuzi 1 imetoa joto la kilowati-saa 1.163. Haya tuhesabu. Ndoo ya sekunde 36 ni lita 2,000 kwa saa. Mara nyuzi 4.6, mara 1.163, unapata kilowati 10.7. Ndoo ya sekunde 14 ni lita 5,140 kwa saa. Mara nyuzi 2, mara 1.163, unapata kilowati 12 kamili, kama kibati kilivyoandika.

Kwa hiyo maji yaliyotoka ya vuguvugu ndiyo yaliyobeba ubaridi mwingi zaidi. Ni sawa na kuhamisha mchanga: mtu anayebeba karai zito safari mbili hamzidi anayebeba nusu karai safari tano.

Sababu ya ile tofauti ya kilowati 1.3 ni hii. Maji yakienda polepole, sehemu kubwa ya safari yake ndani ya mashine yamekwisha kupoa, na gesi ya kupozea iliyo kwenye koili, yaani bomba lililosokotwa ndani ya mashine, inalazimika kushuka baridi zaidi ili iendelee kuvuta joto kutoka kwenye maji ambayo tayari ni baridi. Kompresa, ile mota inayosukuma gesi, inafanya kazi ngumu zaidi na inavuna kidogo. Yakipita kwa wingi, koili nzima inakutana na maji ya moto mwanzo hadi mwisho.

Ama kule kujizima, hiyo si mashine mbovu. Ndani yake kuna swichi ya mtiririko, kijiti kidogo kinachosukumwa na maji. Maji yakipungua kijiti kinarudi na kompresa inakatwa. Fundi wako aliiweka kasi ukingoni kabisa. Chujio likichafuka kidogo tu, maji yanapungua, swichi inakata. Nakuomba, akija mtu akakwambia aiunganishe ile swichi kwa waya ili isisumbue, mtoe nje kwa adabu. Nilikuwa msaidizi kwenye chumba cha pampu cha hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja wakati waya wa namna hiyo ulipofungwa. Usiku umeme ukakatika na kurudi. Mashine ikawaka, pampu haikuwaka. Maji yaliyosimama ndani yakaganda kuwa barafu, ganda la mashine likapasuka. Asubuhi tulikuta sakafu imejaa maji na mashine ya pesa nyingi imekwisha. Mimi ndiye niliyeshika tochi wakati waya unafungwa, na sikusema neno kwa kuwa nilikuwa mdogo kazini. Tangu hapo nasema.

Sasa tuingie kwenye jambo kubwa zaidi, kwa sababu hata kwa kilowati 12 usingefurahi.

Bwawa lako lina wastani wa kina mita 1.4, kwa hiyo ni mita za ujazo 45 hivi. Kulishusha nyuzi 1 unahitaji kuondoa kilowati-saa 52. Mashine yako ikifanya kazi saa 10 kwa ile hali ya fundi inatoa 107, yaani nyuzi 2 kwa siku. Ungetarajia baada ya wiki watoto watetemeke. Lakini siku ya kiangazi isiyo na wingu huko kwenu, jua linamwaga kilowati-saa 6 hadi 7 kwenye kila mita ya mraba. Uso wa bwawa lako ni mita 32. Hiyo ni kama 200 kwa siku, na sehemu kubwa inaingia majini. Mashine yako inashindana na kitu kinachokaribia kuizidi mara mbili.

Basi kwa nini bwawa halikuchemka? Kwa sababu bwawa hutoa jasho kama sisi. Kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu kilowati-saa 0.67. Lita 78 tu zikiyeyuka hewani zinatosha kulipoza bwawa lako zima nyuzi 1, na lita 78 kwenye uso wa mita 32 ni unene wa milimita 2 na nusu, jicho haliuoni. Bibi zako wa Ibra walilijua hilo walipotundika jahla la udongo la Bahla kivulini, kama sisi Unguja tulivyoweka mtungi kwenye pembe ya ukumbi. Udongo unavuja jasho, jasho linakwenda na joto, maji yanabaki baridi.

Nawe kila usiku unalifunika jasho lile kwa turubai.

Hapo ndipo penye kosa la nyumbani kwako kubwa kuliko la fundi. Turubai ligeuze saa: mchana lifunike bwawa, usiku liwe wazi. Lakini mchana lisiwe lile la mapovu ya plastiki ya buluu yanayopitisha mwanga, kwa kuwa lile limetengenezwa kupasha maji joto. Liwe zito, jeupe, lisilopenyeza jua. Bora zaidi ni kivuli cha juu, kwa sababu kinazuia jua na hewa inapita chini yake. Barasti ya makuti ya mtende inafaa sana na mafundi wake hamkosi huko. Na turubai lisiwahi kuhesabiwa kuwa ni uzio. Mtoto akikanyaga juu yake linamzamisha na kumfunika asionekane. Uzio na mlango unaojifunga ni jambo jingine kabisa, na liwe kwanza.

Halafu ndiyo tufike kwenye swali lako la kasi ya pampu, maana jibu lake haliwi moja kwa saa zote.

Nunua nozeli ya kunyunyizia, ile inayopigwa kwenye tundu la kurudishia maji na kuyarusha juu kama chemchemi. Bei yake hailingani kabisa na ya mashine. Maji yakipasuka kuwa matone, kila tone linatoa jasho pande zote. Tone haliwezi kupoa chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho utakijua mwenyewe: funga kitambaa kibichi kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee dakika tano, kisha soma. Hewa ya nyuzi 34 yenye unyevu wa asilimia 30, kama mnavyoipata ninyi wa bara, kitambaa kitasoma kama 21. Ndugu yako aliyeko pwani ya Muscat mwezi wa 8, hewa nyuzi 32 na unyevu asilimia 80, kitambaa chake kitasoma 29. Maji yako ni 35: wewe una nafasi ya nyuzi 14, yeye ana 6. Kwa hiyo usiige ratiba ya mtu wa Muscat, wala usidhani usiku ni lazima uwe wa baridi. Juni 2018 mji wa Qurayyat ulipitisha saa 24 nzima bila hewa kushuka chini ya nyuzi 42.6. Kitambaa kibichi ndicho mwamuzi.

Chemchemi inataka nguvu. Pampu ikishushwa kasi nusu, maji yanakuwa nusu lakini presha inabaki robo, na chemchemi iliyoruka mita 2 itaruka nusu mita na kumwagika kama bomba la jikoni. Hapo hakuna matone. Upande wa umeme mambo ni kinyume: kasi nusu hula umeme kama moja ya nane kwa hesabu, mita ya nyumbani itaonyesha zaidi kidogo kwa sababu mota nayo ina hasara zake. Ndiyo maana fundi wako hakukosea kote. Kwa kuchuja maji, polepole na kwa muda mrefu ndiyo akili: nusu ya kasi kwa muda mara mbili, maji yaliyochujwa ni yale yale, umeme ni kama robo. Alichokosea ni kuichukua kanuni ya chujio akaipeleka kwenye kupoza.

Ratiba yangu kwako ni hii. Mchana, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, pampu iende karibu nusu ya kasi kwa kuchuja peke yake, mashine imezimwa, bwawa limefunikwa au liko kivulini. Ikiwa una bomba linalopita juani ukutani, mchana huo huo lizungushie sponji ya mabomba, kwa sababu kila lita inayopita humo inarudi bwawani na jua. Jua likizama funua. Kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri, pandisha kasi mpaka chemchemi iruke na kupasuka vizuri, kisha ishushe kidogo kidogo hadi uone matone yanaanza kuungana, na hapo irudishe juu hatua moja. Usiende kasi ya mwisho kwa kuwa ipo. Hatua mbili za juu hula umeme mwingi na hazileti kitu.

Mashine nayo iwashwe saa hizo hizo za usiku. Inatupa joto lake hewani, na kulitupa kwenye hewa ya nyuzi 33 ni rahisi kuliko kwenye hewa ya nyuzi 45 ya adhuhuri. Kwa kuwa kwa kasi ya chemchemi pampu inaweza kusukuma maji mengi kuliko mashine inavyohitaji, mwambie fundi aweke baipasi: vali tatu, moja ya kuingia kwenye mashine, moja ya kutoka, na moja katikati ya kuyapitisha yaliyozidi. Soma kibati ujue mashine inataka lita ngapi kwa saa. Kisha chezea ile vali ya katikati, pampu ikiwa kwenye kasi ya usiku, mpaka tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka iwe nyuzi 2 hivi. Ikiwa ni nyuzi 4 au 5, maji hayatoshi. Tia alama ya wino kwenye mkono wa vali, ili mtu akiugusa mjue.

Halafu pima chemchemi kama ulivyopima mashine. Weka bakuli pana pale matone yanapoangukia, likijaa tia kipimajoto mara moja. Tuseme unarusha lita 5,000 kwa saa na zinaanguka zikiwa zimepoa nyuzi 3. Tano mara tatu mara 1.163 ni kilowati 17.4. Nozeli ya plastiki na pampu uliyokuwa nayo, na imeizidi mashine ya kilowati 12. Kwa saa 6 ni nyuzi 2 za bwawa zima, na maji utakayoyapoteza hayafiki lita 160. Niliona hesabu hii kwa macho yangu mara ya kwanza nilipofanya kazi Oman, kwenye nyumba ya mzee mmoja karibu na Nizwa, na nilirudia kupima mara tatu kwa kutoamini.

Mambo mawili ya kuangalia. Chemchemi inafukuza gesi ya kaboni dioksaidi majini na pH, kipimo cha uchachu wa maji, inapanda. Ipime mara mbili kwa wiki, ibaki kati ya 7.2 na 7.8, na asidi ya kuishusha iwe karibu. Maji yanayoyeyuka yanaacha chumvi na chokaa nyuma, kwa hiyo kama mnajazia kwa maji ya kisima, kagua koili ya mashine isiote magamba. La pili ni zito zaidi: maji ya vuguvugu yanayorushwa hewani yanaweza kubeba bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, na klorini huliwa upesi maji yakiwa moto. Usiwashe chemchemi siku ambayo klorini imeshuka, na mzee au mgonjwa wa kifua asikae kwenye ule mvuke.

Mashindano ya kuogelea duniani hutaka maji ya nyuzi 25 hadi 28. Watoto wanaocheza hawahitaji hivyo. Ukifika 30, zima mashine na uache chemchemi ishike zamu.

SWALI

Mambo vipi fundi. Niko Kigamboni. Pampu yangu ni ya kasi moja, nimefunga vali nusu ili LUKU isiishe haraka. Februari maji yalifika nyuzi 32. Chemchemi itanisaidia? Kijana wa Kigamboni

JIBU

Poa kijana. Fungua vali hiyo leo. Kuibana vali kwenye pampu ya kasi moja kunapunguza maji mengi na umeme kidogo. Mota inaendelea kuzunguka vilevile, inasukuma ukuta. Pampu ya kilowati 1.1 ikienda mchana na usiku hula uniti 26. Nunua saa ya kuiwasha na kuizima, punguza masaa. Chemchemi jaribu usiku, ila kwanza pima kwa kitambaa kibichi kama nilivyomweleza dada yetu hapo juu. Kikisoma 26, maji yako hayatashuka chini ya 26 kwa chemchemi, na kadiri yanavyoikaribia ndivyo yanavyokwenda polepole. Pwani yetu ina unyevu. Pesa yako ya kwanza iende kwenye makuti na nguzo nne za mkandaa, upande wa magharibi ambako jua la alasiri linaingia kwa ubavu.

SWALI

Fundi, Jumamosi tuna arusi nyumbani Nyali na bwawa ni moto. Lina ukubwa kama mita 8 kwa 4. Nikitia mabonge ya barafu? Bi Arusi Mtarajiwa

JIBU

Hongera mwanangu, Mungu awajaalie kheri. Kulishusha bwawa la kiasi hicho nyuzi 1 kunataka kilo 400 za barafu. Nyuzi 3 ni zaidi ya tani nzima, na Jumapili adhuhuri jua litakuwa limeanza kuzirudisha zote. Kuanzia leo mchana funika kwa turubai jeupe, usiku funua na uache pampu irushe maji juu mpaka alfajiri. Siku ya arusi simamisha chemchemi saa 12 asubuhi, tia klorini, ngoja saa kadhaa na upime kabla mtu hajaingia.